Hoja Potofu Katika Mabishano ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha Kiswahili na kulea klabu ya midahalo katika shule ya sekondari mkoani Tanga kwa miaka mingi. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi, wazazi wao, majirani, na mengine na ndugu zangu baada ya vikao vya familia kuvurugika.

Kosa la kimantiki ni nini? Ni sawa na uongo?

Si sawa. Mtu anaweza kusema maneno ya kweli matupu na bado hoja yake ikawa mbovu. Sikiliza hii: "Yule mama ana maduka matatu. Yule mama hakufika hata darasa la saba. Kwa hiyo shule haina faida." La kwanza ni kweli, la pili ni kweli. La tatu limetoka wapi? Kosa limejificha ndani ya "kwa hiyo". Sababu zilizotolewa hazina nguvu ya kubeba hitimisho lililowekwa juu yake.

Ukitaka kuanza leo, anza na neno hilo. Kila unaposikia "kwa hiyo", "basi", "ndiyo maana", simama kidogo ujiulize: je, kweli hili linatokana na lile?

Mabishano ya kijiweni ni ya kupitisha muda tu. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu namna tunavyobishana kijiweni ndiyo namna tunavyoamua nyumbani, na wakati mwingine maamuzi hayo yanaua.

Usukumani, kwa miongo kadhaa, ajuza wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya "dalili" zilizotumika dhidi yao ni macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi: miaka arobaini, hamsini, ya kuinama na kupuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Lipange shtaka lao hatua kwa hatua uone. Wachawi wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Kwa hiyo bibi huyu ni mchawi. Hata ukikubali hatua ya kwanza, ambayo mimi siikubali, ya tatu bado haifuati. Mbuzi ana miguu minne, na meza ina miguu minne, lakini hakuna anayeichinja meza.

Bibi yangu mzaa mama alipika kwa kuni mpaka siku zake za mwisho. Macho yake yalikuwa hivyohivyo, mekundu, yakitoka machozi kila jioni. Kama angezaliwa kijiji kingine, "kwa hiyo" moja ingeweza kumwondoa duniani. Ndiyo maana siwezi kulichukulia somo hili kama mchezo wa darasani.

Kumshambulia mtu badala ya hoja yake: ni kosa kila mara?

Mara nyingi ni kosa. "Wewe hujaolewa, utatuambia nini kuhusu ndoa?" Huyo dada pengine amesema jambo la kweli kabisa, na kutoolewa kwake hakujalibatilisha. Ndugu wa karibu wa kosa hili ni lile la "hata wewe": baba anamkanya kijana asivute sigara, kijana anajibu kwamba nyani haoni kundule. Baba anavuta, sawa. Lakini je, sigara imeacha kudhuru mapafu kwa sababu baba naye anavuta?

Hata hivyo zipo nyakati ambapo hali ya msemaji ni sehemu ya jambo lenyewe. Dalali akikuambia kiwanja kile hakina mgogoro, una haki ya kukumbuka kwamba analipwa kiwanja kikiuzwa. Shahidi aliyewahi kusema uongo mahakamani hupimwa kwa jicho kali zaidi. Ninachokiangalia mimi ni hiki: je, tunaambiwa tuamini kwa sababu fulani amesema? Basi ni halali kuuliza fulani ni nani. Lakini kama ametoa sababu zinazojitegemea, ambazo hata mtoto angeweza kuzikagua, tuzikague sababu, yeye tumwache.

Methali inahesabika kuwa hoja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalonikosanisha na wazee.

Kwetu methali hufunga mjadala. Mtu akiitoa kwa wakati wake, kwa sauti yake, watu wanatikisa vichwa, wanasema "kweli kabisa", na anayetaka kuendelea kubishana anaonekana hana adabu. Nilikuwepo kwenye kikao kimoja cha familia kilichokuwa kinaamua nani akabidhiwe kusimamia shamba la minazi. Kijana mmoja alipendekezwa. Mzee mmoja akasema taratibu, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," kwa sababu baba wa kijana aliwahi kula pesa za ukoo. Kikao kikaishia hapo. Kijana alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia yake ameishika kwa mikono miwili, anaizungusha. Hakuulizwa swali hata moja.

Mtu angeweza kumjibu yule mzee kwa methali nyingine: kuzaa si kazi, kazi kulea. Na hapo ndipo tatizo linapoonekana. Karibu kila methali ina mwenzake anayevuta upande wa pili. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini manahodha wengi chombo huenda mrama. Samaki mmoja akioza wote wameoza, lakini vidole vya mkono havilingani. Wahenga hawakuwa wanajipinga. Walituachia zana za hali tofauti, na kazi ya kuchagua zana wakatuachia sisi. Anayetoa methali anapaswa kuonyesha kwamba hali iliyo mbele yetu ndiyo hali ya methali hiyo. Ni samaki kweli, walio kapu moja, au ni watu wanne waliotokea tu kuwa wa kabila moja na huyo aliyetuibia?

Kwa maoni yangu inayodhuru kuliko zote ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Ina uzuri wake pale inapotuonya tusipuuze tetesi. Lakini ukiitumia kama ushahidi, hakuna uvumi duniani utakaoweza kukanushwa: ukikuta lipo, methali imeshinda, usipolikuta, bado laja. Msichana wa watu anaweza kuharibiwa jina kijiji kizima kwa sentensi hiyo moja, na asiwe na pa kujitetea.

"Bandu bandu huisha gogo" nayo yataka uangalifu. Kuna magogo ambayo kweli huisha hivyo. Deni la dukani ni mojawapo. Lakini mara nyingi hutumika kutisha. "Ukimruhusu binti kwenda chuo Dodoma, atapata marafiki wabaya, akipata marafiki ataacha masomo, akiacha masomo atapata mimba, akipata mimba hatarudi nyumbani." Hesabu ngazi: ni nne. Hata tukisema kila moja ina uwezekano wa nusu kwa nusu, kufika hadi ya mwisho ni kama mara 6 tu katika 100. Na katika kila ngazi yuko mtu anayeweza kuzuia, akiwemo binti mwenyewe. Anayedai kwamba gogo litaisha atuonyeshe kila bandu.

"Mimi nilitumia nikapona." Kwa nini ushuhuda wa namna hii hautoshi?

Tukumbuke mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Ilisemwa kinatibu kisukari, saratani, hata UKIMWI. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi, watu wakatoka Kenya na kwingineko, wakubwa na wadogo. Wapo waliofia kwenye foleni. Baba huyo amekwishatangulia mbele ya haki, alifariki mwaka 2021, na sina nia ya kumsema. Nataka tuangalie namna sisi tulivyokuwa tunabishana.

Hoja kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza: watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga. Lakini wengi wao walikwenda kwa sababu waliwaona wengine wakienda. Idadi yao haikuwa ushahidi mpya, ilikuwa mwangwi wa ushahidi uleule mdogo wa mwanzo. Ya pili: fulani alikunywa, akapata nafuu. Hii ndiyo nzito, na inastahili kuheshimiwa, maana aliyepata nafuu hasemi uongo.

Maradhi ya muda mrefu hupanda na kushuka. Mtu hufunga safari ngumu ya namna ile pale anapokuwa amezidiwa, na aliyezidiwa mara nyingi atapata unafuu kiasi baadaye, akinywa au asinywe. Kisha aliyepata nafuu anarudi kijijini na kusimulia. Aliyefariki hasimulii.

Nikiwafundisha wanafunzi huwa nachora ardhini mraba wenye vyumba vinne: waliokunywa wakapona, waliokunywa wasipone, wasiokunywa wakapona, wasiokunywa wasipone. Halafu nauliza: ushuhuda tuliousikia umetoka chumba gani? Daima ni kimoja, cha kwanza. Bila kujua kuna watu wangapi katika vyumba vile vitatu, hatuwezi kusema dawa imefanya kazi wala haijafanya. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia 12 wenye kiseyeye. Aliwagawa wawiliwawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Angewapa wote machungwa, asingekuwa na wa kuwalinganisha nao.

Chumba cha pili na cha tatu ndivyo vinavyomaliza hata habari ya bundi. Bundi alilia juu ya paa, baada ya wiki mzee akafariki, tunakumbuka. Bundi alilia mara thelathini na hakuna aliyefariki, nani aliyehesabu?

Wahenga wenyewe walilijua hili. Jogoo akiwika, asiwike, kutakucha.

Nimebeti na timu yangu imefungwa mara tano mfululizo. Si zamu yake kushinda sasa?

Hapana, na tafadhali usiweke ada ya mtoto kwenye mkeka huo.

Sarafu haina kumbukumbu. Ikianguka kichwa mara tano, mara ya sita bado ni nusu kwa nusu. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa gurudumu la kamari uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyozidi kurudi ndivyo watu walivyozidi kumwaga pesa kwenye nyekundu, wakisema "haiwezekani iendelee". Iliendelea, na pesa zao zikaenda.

Tena timu si sarafu. Imefungwa mara tano pengine kwa sababu beki zake ni dhaifu, na beki dhaifu ni sababu ya kutarajia kufungwa mara ya sita. Kuhusu zile picha za tiketi zilizoshinda zinazozunguka kwenye simu, rudi kwenye vyumba vinne. Nani anayepiga picha mkeka uliochanika?

Mdahalo wa shule una tatizo gani?

Naupenda mdahalo, umenilea. Lakini mada zetu za jadi zimetufundisha kosa moja tangu shule ya msingi: "Elimu ni bora kuliko fedha." "Mwalimu ni bora kuliko daktari." "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini." Mtoto anakua akiamini kila jambo lina pande mbili tu, na lazima moja ishinde. Akifika kwenye siasa anasema kama hutuungi mkono wewe ni wao. Akifika kwenye ndoa anasema ama mimi ama mama yako.

Siku hizi nawapa wanafunzi mada kama "Shule yetu ianze masomo saa mbili badala ya saa moja na nusu." Hapo lazima waulize wanaotoka mbali watafikaje, chai italiwa saa ngapi, walimu wanasemaje. Njia ya tatu na ya nne zinajitokeza zenyewe.

Mtu akiniambia "basi thibitisha kwamba si kweli," nijibu nini?

Mwambie mzigo ni wake. Pwani wengi tunaijua kanuni hii kutoka sheria ya Kiislamu: ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya anayekana. Ukitumiwa ujumbe kwenye kundi la familia kwamba maziwa fulani yana sumu, huna wajibu wa kuthibitisha hayana. Aliyetuma aonyeshe ametoa wapi. Na ukikuta umeandikwa "sambaza kabla haujafutwa", ujue umeharakishwa makusudi ili usiulize.

Nitamwambiaje mzee kwamba hoja yake haifuati, bila kumvunjia heshima?

Usimwambie. Muulize.

"Shikamoo mjomba. Nimekuelewa, lakini naomba unifafanulie sehemu moja. Umesema tusimpeleke mgonjwa hospitali ya wilaya kwa sababu marehemu babu alifia pale. Babu alipelekwa siku ya ngapi ya ugonjwa?" Swali la namna hii halimwambii mjomba kwamba amekosea. Linamfungulia mlango atoke mwenyewe, na nimeona wajomba wengi wakitoka kwa heshima yao yote. Ukimtajia jina la kosa lake mbele za watu, hata kama uko sahihi, umemwachia njia moja tu, nayo ni kushikilia alichokisema.

Na wewe kumbuka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uzoefu una uzito. Mvuvi wa miaka arobaini akikuambia usiingie baharini leo, usisubiri vyumba vinne. Lakini mvuvi huyohuyo akitoa hukumu kuhusu chanjo, uzoefu wake wa bahari haujamfuata huko.

Hoja ikiwa mbovu, ina maana hitimisho lake ni uongo?

Hapana, na hapa hata walimu wanateleza.

Unaikumbuka ngano ya Mwalimu Goso? Alikuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu, buyu likamwangukia kichwani, akafa. Wanafunzi wakaapa kumtafuta aliyeliangusha. Wakaenda kwa upepo wa kusi, wakampiga. Kusi akajitetea: mimi ningekuwa na nguvu, ningezuiwa na kiambaza? Wakakiendea kiambaza, nacho kikasema kinatobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, hivyo hivyo mpaka wakafika kwa paa. Paa kwa kushtuka akanyamaza. Wakasema ndiye huyu, wakamuua.

Tazama makosa yaliyomo. Walidhani mwenye nguvu zaidi ndiye mwenye hatia zaidi. Walidhani kunyamaza ni kukiri. Kila hatua ni mbovu. Na bado, kama ngano inavyosimuliwa, paa ndiye aliyekuwa ameingia kuiba matunda na kuliangusha lile buyu! Walifika mahali sahihi kwa njia isiyofaa, na njiani walishapiga wengi wasio na hatia.

Kwa hiyo ukigundua hoja ya mwenzako ni potofu, umejua jambo moja tu: hajathibitisha bado. Hujapata ruhusa ya kusema kinyume chake ndiyo kweli.

Haya si mambo ya Wazungu?

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliorodhesha aina 13 za hoja za udanganyifu. Wanazuoni wa Kiislamu kama Al-Farabi na Ibn Sina wakaiendeleza elimu hiyo. Maneno yetu "mantiki" na "hoja" yote yametujia kutoka Kiarabu. Na nani asiyemjua Abunuwasi? Aliazima sufuria, akairudisha na kisufuria kidogo, akisema imezaa. Mwenye sufuria akapokea kwa furaha. Safari ya pili akasema sufuria imekufa. Mwenyewe akapiga kelele: sufuria hufaje? Abunuwasi akamuuliza, uliyekubali ikizaa, mbona unakataa ikifa? Sijapata mfano bora wa kumwonyesha mtu kwamba alikubali upuuzi kwa kuwa ulimfaidi.

Nikigundua katikati ya mabishano kwamba hoja mbovu ni yangu?

Sema hapohapo. Ni vigumu, najua.

Katika kikao kile cha shamba la minazi, mimi nami nilinyamaza. Baadaye nilijiridhisha kwamba kama kijana angekuwa mwaminifu angejitetea. Ilinichukua miezi kuona kwamba nimefanya walichomfanyia paa: nimekihesabu kimya chake kuwa ni jibu. Nikamfuata kwao jioni moja, nikamkuta anafua dafu, nikamwomba radhi. Alinikatia dafu, tukakaa. Halafu nikamuuliza swali ambalo kikao kizima hakikumuuliza: wewe ungeliendeshaje shamba? Akaingia ndani akatoka na daftari. Alikuwa ameandika idadi ya minazi, mmoja mmoja, ipi inazaa na ipi imezeeka, na wapi pa kupanda miche mipya kabla ya masika.